Sponji ya Nesi

Siku tulipopeleka mahari, mama wa mchumba wangu alituacha kwenye viti vya kukodi akaendelea kukamua sponji. Wazee wa upande wetu walikuwa wamevaa makoti mazito, jua linawachoma, na wote wanatazama kando ya jikoni, ambako mwanamke mwenye kitambaa cha kanisa kichwani alikuwa amechutama mbele ya beseni, mikono imejaa mafuta ya gia hadi viwikoni. Shangazi mmoja akatumwa kumwambia wageni wamefika. Akajibu bila kugeuza shingo.

"Nimewaona. Ng'ombe haitatoroka. Hii nikiwacha saa hii italowa upande moja."

Baba yangu alinitupia jicho la kuuliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika na binti. Mama ndiye niliyeanza kumwogopa siku hiyo, na mpaka leo sijaacha.

Alikuwa nesi wa nyanjani, wa wale waliopewa pikipiki na kuambiwa waende mahali gari haliendi. Alipostaafu, pikipiki ile ilipelekwa mnadani pamoja na vitanda vibovu na mizani ya watoto, akainunua mwenyewe. Watu wote kati ya Sigalagala na Khwisero walimwita Nesi, hata wale waliozaliwa baada ya yeye kustaafu. Mimi nilimwita Mama, tena kwa mbali.

Kwa mbali, maana yake ni hii. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawasalimiani kwa mkono. Hawakai benchi moja wala hawapeani kitu mkono kwa mkono. Ukitaka kumpa kikombe unakiweka mezani, unarudi nyuma, naye anakuja kukichukua. Siku hizi wengi wamelegeza. Nina rafiki anayekumbatiana na mama mkwe wake mlangoni kama watu wa kwenye runinga. Nesi hakulegeza hata kidogo. Nikiingia uani alivuta kigoda chake nyuma, nami nikasimama karibu na ua wa michongoma, tukasalimiana kwa kupaza sauti.

"Mulembe, Mama."

"Mulembe. Watoto?"

"Wako salama."

Basi. Mengine yote yalipitia kwa mke wangu, Linet.

Jambo hili lilinishangaza, kwa sababu mila nyingine alizicheka waziwazi. Mumewe alipofariki alikataa kunyolewa, akarudi kazini na nywele zake zote huku wakwe zake wakisaga meno. Siku moja Linet akamuuliza kwa nini basi hii ya mkwe ameing'ang'ania. Alimjibu, "Nimeona uchi ya kijiji mzima, wanaume kwa wanawake. Wacha kuwe na mtu mmoja namuoneanga haya, na yeye ananionea." Linet aliniletea maneno hayo akicheka. Mimi sikucheka. Nilijiona nimepewa cheo.

Kwa hiyo kama nilimjua, nilimjua kwa kumtazama kutoka ng'ambo ya uani, na alichokuwa akifanya uani ni kusafisha sponji.

Pikipiki yenyewe ni skrambla ya zamani, ndefu miguu, ya zile zinazochanganyiwa oili kwenye petroli na kuacha harufu njiani muda mrefu baada ya kupita. Ubavuni, chini ya kiti, ina kisanduku, na ndani ya kisanduku mna sponji iliyovalishwa kikapu cha chuma. Hewa yote inayoingia kwenye injini hupitia hapo. Yeye aliiita pua. "Pua kwanza," alikuwa akisema, na alisema hivyohivyo akiletewa mtoto mchanga anayekoroma. Kabla hajauliza habari za homa, alisafisha pua.

Kila Jumamosi baada ya chai alifungua kisanduku, akatoa sponji, akaziba koo la injini kwa kitambaa safi ili hata mbu asiingie. Kwanza aliiosha kwa mafuta ya taa, akibonyeza tu, hasokoti, kwa kuwa ukisokota inachanika. Petroli hakuitumia. Mafundi wa stendi wanaooshea petroli aliwaita wauaji, kwa sababu petroli inakula gundi ya mishono na siku moja sponji inaachana ukiwa njiani. Kisha maji vuguvugu na sabuni, kisha kivulini juu ya taulo mpaka ikauke kabisa. Ndipo mafuta ya gia. Alimimina kidogo, akakanda, akakamua, akaongeza, akakamua tena, mpaka rangi ikawa moja pande zote. Mwisho alipaka grisi ukingoni, pale sponji inapokutana na kisanduku, kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayempaka mtoto mafuta.

Mimi ni seremala, nimeishi ndani ya vumbi maisha yangu yote, na bado sijaona mtu anayelichukia vumbi kama yeye. Mafuta yakipungua, vumbi la barabara ya murram linapita na kuitafuna injini. Yakizidi, injini inakosa hewa, inakohoa moshi mweusi na kuzima ukipunguza mwendo. "Ilowe, lakini isilie," alimwambia Linet. Linet ndiye aliyenieleza hayo, akidhani ananichekesha. Sikukosa hata moja.

Mwaka wa kwanza wa ndoa nilijaribu kujipendekeza. Nikasikia sponji ya Nesi imechakaa na dukani hakuna nyingine, basi nikachukua povu la godoro pale karakana kwangu, la gharama, nikalikata kwa kisu chenye makali nikifuata vipimo nilivyopata kwa Linet, na kona nikazisawazisha kwa msasa. Ilikuwa kazi safi. Lilirudi jioni hiyohiyo limefungwa kwenye gazeti, na ujumbe, "Mwambie hii ni ya kulalia." Povu la godoro halipitishi hewa inavyotakiwa, kumbe. Linet bado ananitania nalo nikichelewa kuamka.

Hakuwa mtu wa kueleweka kirahisi. Aliwafundisha akina mama wa kijiji kizima kunawa mikono, na kucha zake mwenyewe zilikuwa nyeusi mwaka mzima. Ingokho, kuku niliyopikiwa kwake kama mkwe, ilikuwa na harufu ya mbali ya mafuta ya gia, nikaimaliza na obusuma, ugali wake, wote. Wagonjwa aliwabembeleza, lakini watoto wake aliwasemesha kama karani aliyechoka na foleni. Wapiga ramli aliwaita wezi, ila akishapanda pikipiki, mtu akimwita jina kutoka nyuma, alizima, akashuka, akaingia ndani ya nyumba, akatoka upya. Hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Watoto wake walimwomba miaka mingi aiache pikipiki apande bodaboda kama wazee wengine. Jibu lake lilikuwa moja. "Bodaboda iko na macho na iko na mdomo." Kijana akimshusha kwenye lango fulani na mkoba wa dawa, kufikia jioni stendi nzima inajua nyumba ile ina nini. Na Nesi, kustaafu kwake ni kwa karatasi tu, alikuwa na watu wake. Wapo wanaomeza vidonge kila siku na hawataki hata wa nyumbani wajue. Yupo msichana aliyerudishwa kutoka shule na tumbo. Yupo mzee wa kanisa mwenye kidonda mahali asipoweza kumwonyesha mkewe. Aliegesha pikipiki sokoni Khwisero, akachukua mkoba, akapotea kwa miguu kwenye vijia vya katikati ya migomba. Aliingia hata kwa wasio wagonjwa, akanywa chai, ili asiyejua asijue. Wakati mmoja pikipiki ilikaa muda mrefu ikingoja kipuri, na mtu mmoja kati ya hao, ambaye Nesi hakumtaja hata kwa Linet, aliishiwa na dawa akaona aibu kwenda kuzifuata hospitalini. Wakamzika. Tangu hapo, ukimwambia Nesi habari za bodaboda, alikutazama mpaka unaomba ruhusa ya kuondoka.

Mikono yake niliiona kabla ya mtu mwingine yeyote. Mkwe hamkazii macho mama mkwe wake usoni, kwa hiyo mikono ndiyo niliyokuwa nikiitazama miaka yote.

Mvua za mwisho zilipokuwa zikiisha, nikaona gazeti alilotandaza chini ya sponji lina duara la mafuta. Zamani lilibaki kavu. Jumamosi nyingine duara likawa kubwa zaidi. Nikaona hakamui tena kwa vidole, anabonyeza kwa viganja, halafu akaanza kuibana sponji kati ya mkono na paja. Vidole vya mkono wa kulia vilijikunja nusu vikakataa kufika. Aliacha kufunga vifungo vya sweta. Linet alipouliza, akasema ni baridi imeshika vidole.

Nikanyamaza, na kunyamaza huko kulinitesa. Mkwe hamwambii mama mkwe kwamba mikono yake imechoka. Njia ni kupitia kwa mke. Lakini nikimwambia Linet, Linet atamwambia kaka yake mkubwa anayelima mahindi Lugari, na kaka yake alikuwa akitafuta sababu tangu zamani ya kuipakia pikipiki ile kwenye pikapu yake aende nayo. Hapo watu wa Nesi watabaki bila mtu. Nisiposema, siku moja itazima mahali pabaya. Nikisikia pikipiki yoyote ikikohoa barabarani, randa ilisimama mkononi mpaka nisikie imeendelea.

Siku ya soko nilikuwa Sigalagala nikingoja mbao. Nikausikia mlio ninaoujua ukija kutoka upande wa Khwisero. Alikuwa anafika kwenye barabara kuu, na upande wa Mukumu lilikuwa linashuka lori la miwa lililojaa mpaka miwa inafagia ukingo wa barabara. Nilijua atasimama, alikuwa amepunguza mwendo. Hakusimama. Pikipiki iliingia kwenye lami taratibu, ikatoa moshi mweusi, ikazima katikati.

Lori likapiga honi, na halikuonekana kupunguza. Nesi akapiga kiki. Ikakataa. Akapiga tena, mgongo umenyooka, hatazami lori, anatazama tangi. Nikaziacha mbao nikakimbia. Nilishika karia ya nyuma nikaisukuma pikipiki pamoja na yeye juu yake hadi ng'ambo, na lori likapita nyuma yetu na upepo wake na maganda yake. Mtu mmoja pale kituoni alimtukana dereva. Mwingine alinitukana mimi.

"Petroli ya hawa watu ni chafu," Nesi alisema.

"Ndio, Mama."

Nilikuwa nikitazama kile kisanduku chini ya kiti. Mafuta yalikuwa yanachuruzika kutoka chini yake.

Habari zilifika Lugari kabla sijafika nyumbani. Shemeji akapiga simu: Jumapili baada ya kanisa kuna kikao kwa Mama, na pikapu anakuja nayo. Linet alilia, akasema afadhali, na nilimwelewa. Ni mama yake.

Jumamosi nilikwenda peke yangu. Mkwe haendi hivyo, bila mke wala taarifa, na jirani aliyenikuta njiani aligeuka kunitazama mara mbili. Nesi alikuwa mbele ya beseni. Aliponiona alivuta kigoda nyuma, ingawa nilikuwa bado langoni.

"Linet yuko wapi?"

"Nimekuja peke yangu, Mama."

"Kuna mtu amekufa?"

"Hapana. Nimekuja juu ya sponji."

Kuku walikuwa wanaparua kando ya jikoni, na nilitamani wapige kelele zaidi.

"Sponji iko na nini?"

"Imeshiba mafuta. Ndio maana ilizima pale Sigalagala. Si petroli."

Nesi aliinua sponji kwa mikono miwili mbele ya kifua chake, akaikamua. Mafuta yakaanza kudondoka gazetini. Akakaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na yakaendelea kudondoka vilevile, bila haraka. Hakuificha. Tulitazama wote wawili.

"Nani mwingine ameona?"

"Mimi tu."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema nini, Mama? Mimi ni mkwe."

Kitu kama kicheko kilipita usoni kwake kikaondoka. Nikaona hapo ndipo pa kusema nililolipanga njia nzima, na ambalo nililiona la akili sana.

"Niachie hiyo kazi. Nitakuja kila Jumamosi, nikamue, niiweke hapo kwenye kigoda, niende zangu. Wewe utaendesha kama kawaida. Kesho nitawaambia ilikuwa chafu na sasa imesafishwa."

Aliiweka sponji juu ya kifuniko cha sufuria. Akachukua kitambaa, akajifuta mikono, kidole baada ya kidole.

"Na breki?"

"Breki iko na shida?"

"Breki iko sawa. Nauliza, hiyo pia utakujanga kunikamulia?"

Nilikuwa nimewaza mafuta, moshi, lori, kikao, na katika kuwaza kote huko sikuwa nimewaza kwamba mkono ni uleule.

"Pale Sigalagala nilitaka kusimama kabla ya lami," alisema. "Nilishika. Vidole havikukuja."

Nilitaka kulia mbele yake, jambo ambalo nalo mkwe halifanyi. Nikatazama michongoma.

"Kuna mtu dawa yake inaisha kesho," akasema, na sauti yake ndipo ilipopungua. "Huyo hawezi kuja hapa. Hawezi kuenda hospitali. Nimemuahidi."

"Nitakupeleka."

Lilitoka kabla sijalifikiria. Nesi aliinua uso akanitazama moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake.

"Na hii?" Akaielekeza kidevu pikipiki.

"Na hii."

"Mimi nyuma yako. Watu wakiona."

"Ndio, Mama."

Nesi akainuka, akaweka sponji kwenye kigoda, akarudi nyuma hadi ukutani.

"Kamua hiyo kitu," alisema. "Usisokote."

Jumapili pikapu ilikuwa imefika kabla yetu, kamba ziko tayari nyuma. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele na suti ya kanisani, pembeni shangazi wawili, na majirani walikuwa wamepata kila mmoja sababu ya kusimama karibu na ua. Linet alikaa, mimi nikabaki mahali pangu pa kawaida, karibu na michongoma. Shemeji akasafisha koo. Alikuwa amefika kwenye maneno "sisi watoto wako tumekaa tukaona" pale Nesi alipotoka ndani amevaa helmeti na mkoba wa dawa begani.

"Kikao itangoja," alisema. "Nikirudi kila mtu ataongea yake. Ya pikipiki msiongee. Mimi siendeshi tena."

Shemeji alikuwa amejiandaa kwa vita na sasa hakujua aweke wapi mikono. Nesi akageukia upande wangu, mbele ya watu wote wale.

"Wewe. Washa."

Nilipita katikati ya viti nikisikia jinsi viatu vyangu vinavyolia. Injini ilishika kwa kiki ya kwanza, mlio mkavu, safi. Linet alinitazama kana kwamba ameolewa na mtu mwingine. Shangazi mmoja alivuta leso akajifunika uso.

"Mama," Shemeji alisema, "huyo ni mkwe wako."

"Namjua."

Akapanda. Nilihisi springi zikishuka. Akauweka mkoba katikati yetu, kati ya mgongo wangu na kifua chake, akausukuma ukae sawa. Vidole visingeweza kushika karia, kwa hiyo akapitisha mikono yake pande zote mbili za mbavu zangu na kunibana kwa viwiko. Nilikuwa na hofu kuliko siku ya lori. Pale langoni nilimsikia akiomba, kwa sauti ndogo, halafu akasema, "Enda."

Barabara yote hadi Khwisero niliendesha kama nimebeba mayai, na watu walisimama kutazama, na mmoja aliniita kwa jina nikaacha kuitika. Sokoni aliniambia nisimame kando ya kinu cha posho. Akashuka, akachukua mkoba, akanyoosha kitambaa chini ya helmeti.

"Utangoja hapa. Na usiangalie."

"Ndio, Mama."

Nikaigeuza pikipiki, nikakaa nikitazama ukuta wa kinu, mpaka viatu vyake visisikike tena. Baadaye mama mmoja anayeuza nyanya alikuja akaizunguka pikipiki, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Hii si ni ya Nesi? Yeye ameenda kwa nani?"

Nilimwambia sijui, na ilikuwa kweli.